Msimu Ambao Mdogo Wangu Aliachwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika jana na cherehani yangu, mabegi mawili na hasira kidogo. Mdogo wangu alinipigia simu: "Dada, njoo unishikie mtoto mpaka mvua ziishe. Nimerudi kukimbia." Nilidhani ananitania. Ana miaka thelathini na sita, ana mtoto wa mwaka na ushei, mume wake ni dereva wa lori la masafa marefu ambaye nyumbani huja kama mgeni, halafu yeye anataka kukimbia kilomita arobaini na mbili. Nimekuja hivyo hivyo. Damu nzito kuliko maji, na wateja wangu wa nguo watanisubiri.

Sebuleni kuna medali zake za zamani, kabla ya mtoto, zimetundikwa juu ya televisheni. Lakini ukweli ni kwamba sijawahi kumwona akikimbia. Siku za mashindano yake nilikuwa dukani kwangu, nikasikia matokeo kwa watu. Namjua wa kwenye picha za magazeti, mdomo wazi, macho yametoka.

Ameniambia mapema ili nisije kulalamika baadaye: tarehe 11 Mei ni mbio za mchujo. Wanawake watatu wa kwanza wataenda kuliwakilisha taifa kwenye mashindano makubwa ya dunia. Wa nne anarudi nyumbani. "Nisipokuwa kwenye hao watatu, Dada, natundika viatu." Alisema hivyo huku akimkata mtoto kucha, kwa sauti ya mtu anayekuambia sukari imekwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Joto. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka. Mdogo wangu amelala mchana saa mbili nzima kama malkia, mimi nafua.

Jumapili, 9 Machi

Leo alitoka kwenda kwenye kile wanachokiita mbio za kupumzika. Nikamuuliza, "Mtu anapumzika kwa kukimbia?" Akasema ndiyo. Nikamwambia basi na mimi nitapumzika kwa kupiga deki.

Baadaye kidogo nikatoka kwenda sokoni, nikawakuta barabarani, yeye na msichana mmoja wa kundi lao, ndiyo kwanza wanaanza. Wanaburuza miguu! Wanaongea! Nimempita mwanariadha wa kimataifa nikiwa na mtoto kiunoni na kikapu mkononi. Mtoto akampungia mama yake mkono wa kwaheri. Ndiyo kazi niliyoachia duka langu kuja kuilinda.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Uani kumejaa maji, viatu sita vya mbio vimepangwa jikoni vikikauka, na jikoni kunanuka kama zizi.

Yule msichana wa juzi ni mpangaji wa chumba cha pili, ana miaka ishirini na mbili, anafanya mazoezi na mdogo wangu na kula anakula kwetu. Ni mrefu na hana nyama mahali popote. Nimempa jina la Kijiti, naye anaitika.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimefanya jambo. Bora niliandike mwenyewe kabla hawajaanza kulisimulia wengine.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Mdogo wangu alirudi mazoezini amelowa chapachapa, hakunisalimu, hakumshika mtoto, akaingia bafuni na simu. Mimi nilikuwa karibu na mlango nikiokota soksi zake zenye matope. Sikuwa nasikiliza, lakini masikio hayana komeo. Nikasikia: "Nimeachwa. Ndiyo, na leo tena. Hii mara ya tatu... Hapana, hajui. Sijamwambia mtu mwingine, naona aibu."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye ndala. Nimeachwa! Tena mara ya tatu, na ya tatu kila mtu anajua haina marejeo. Nikakumbuka jinsi anavyokula kimya siku hizi, na jinsi mume wake asivyopiga simu mpaka giza liingie. Nikampigia mama kwanza, mama akaanza kulia papo hapo. Kisha nikampigia shemeji.

"Wewe mwanamume," nikamwambia, "mdogo wangu hukumwokota barabarani. Ulimkuta kwao, ana wazazi, ana dada, na chumba chake bado kipo!"

"Shemeji, subiri niegeshe lori."

"Egesha! Egesha usikie vizuri. Umeona amechoka na mtoto, ndiyo unamwacha?"

Nikasikia breki, kisha mvua ikipiga bati la lori lake huko aliko. "Shemeji, nimemwacha nani?"

"Mke wako!"

Halafu akauliza kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo sikujua mtu wa kilo tisini anayo: "Kwani yeye ndiye kasema anataka tuachane?"

Akakata simu. Punde nikasikia simu ya mdogo wangu ikilia bafuni. Akatoka na taulo, maji yanamchuruzika.

"Dada, umemwambia nini mume wangu? Mtu analia!"

"Si umeachwa?"

"Nimeachwa na kina Kijiti! Kwenye mbio! Kilima cha kwanza tu!"

Ndipo nilipojua. Wakimbiaji hawa wana Kiswahili chao. Hawasemi nimeshindwa. Kundi likienda nawe ukabaki nyuma, umeachwa. Ukienda nalo mpaka mwisho, umebaki. Wakirudi mazoezini huulizana, "Ulibaki?" kama wengine wanavyoulizana habari za asubuhi.

Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni. Nilimpigia mama nikamwambia futa machozi, ndoa ipo, naye akanitukana tusi ambalo sitaliandika. Lakini nilipogeuka nikamkuta mdogo wangu bado ameinama, mabega yanatikisika, na kicheko kilikuwa kimeshakuwa kitu kingine. Akasema kila wiki ni hivyo hivyo. Wasichana wakiongeza kasi, anang'ang'ania asiachwe, anapigana nao mpaka kilomita ya kumi au kumi na tano, halafu miguu inakwisha, anarudi nyumbani akitembea. Kwa mume wake amekuwa akisema mambo ni mazuri. "Kama ni uzee umenifika, Dada, sikutaka ausikie kwenye simu."

Nikamwambia kile ambacho wanawake huambiana wakiachwa kweli, tena kwa utani tu, nimtoe machozi: "Basi mdogo wangu, ukiachwa, achika."

Akaacha kulia. Akanitazama kwa muda, taulo kichwani, kama mtu anayejaribu kukumbuka ufunguo aliuweka wapi. Mtoto akaja akampanda mapajani.

Jumatano, 19 Machi

Amemweleza Kocha maneno yangu. Kocha ni mwalimu wa michezo aliyestaafu, mtu wa kofia na pikipiki, haongei sana. Mdogo wangu anasema alizima pikipiki kabisa, akacheka, akasema: "Mwaka mzima nakueleza kitu hicho hicho kwa hesabu na michoro, kumbe ulikuwa unamsubiri dada yako."

Wamekubaliana hivi: kundi likiongeza kasi, asilifuate. Aliache liende, abaki na mwendo wake uleule, asipunguze hata kidogo. Wenye papara mbele huchoka. Mimi nilimaanisha asahau mwanamume.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Kijiti amekula kwetu mara mbili. Nimempunguzia nyama.

Jumamosi, 22 Machi

Kocha amenipakia pikipiki leo, nikawashikie chupa za maji. Mtoto nilimwacha kwa mke wa Kocha. Nataka kuandika vizuri nilichokiona na sina hakika kama nitaweza.

Walianza taratibu kama kawaida yao, nami nikawa na maneno yangu tayari. Kisha Kocha akapiga filimbi. Hakuna aliyeonekana kufanya kitu. Hakuna aliyekunja uso. Lakini upepo ulianza kunipiga kifuani, Kocha akabadili gia, akabadili tena, nami nikamshika kiuno kwa nguvu kwa sababu tulikuwa tunakimbizana na wanawake wanaokwenda kwa miguu na hatukuwa tunawaacha. Matope yaliruka mpaka mabegani mwao. Hawakuongea. Nilisikia pumzi zao tu, zote kwa pamoja, na nyayo ambazo kelele zake zilikuwa ndogo mno kwa mwendo ule. Nilimtafuta mdogo wangu nisimtambue. Yule mtu wa mbele yangu hakuwa yule anayenisumbua kuhusu chumvi.

Kwenye kilima Kijiti na wengine watatu wakaondoka. Niliona mdogo wangu anavyotaka kuwafuata, nikaona shingoni mwake. Halafu mabega yakashuka. Akawaacha waende. Nafasi ikawa kubwa, nami rohoni nikawa nalia, mfuate, mfuate, ingawa mimi ndiye niliyesema achika. Kocha akaniambia bila kugeuka, "Usimwangalie aliye mbele. Mwangalie yeye."

Nikamwangalia. Kilomita baada ya kilomita, mvua inampiga usoni, hakuna mtu wa kumfuata, hakuna wa kumkimbia, na hatua ile ile haibadiliki. Sijawahi kumwona mtu akiwa peke yake namna ile. Alimaliza wa tano, mbali na wenzake, lakini hakutembea. Nililia nyuma ya Kocha nikasingizia mvua.

Jumanne, 25 Machi

Mdogo wangu ameona sahani ya Kijiti. Amenivuta chumbani kama mtoto.

"Dada, mbona unamnyima nyama?"

"Anakula chakula chako halafu anakwenda kukuacha kilimani."

"Ndiyo umpe! Asiponiacha yeye huku, nitajifunzia wapi kuachwa? Siku ile nikajifunzie kwa wageni?"

Nimempa Kijiti paja zima. Amenishukuru kwa heshima mpaka nikaona haya.

Jumamosi, 5 Aprili

Wa tano tena. Mvua ya mawe.

Jumanne, 8 Aprili

Nimebana bukta yake ya mashindano kiunoni kwa mara ya pili mwezi huu. Pini zilikuwa mdomoni mwangu, ndiyo maana sikusema lolote. Ana mbavu ninazoweza kuzihesabu, halafu ana mapaja ambayo ukiyagusa unafikiri umegusa mguu wa meza.

Jumamosi, 12 Aprili

Wa nne. Lakini wa tatu alikuwa karibu, Kocha anasema umbali wa nyumba mbili tu.

Alhamisi, 17 Aprili

Mtoto ana homa. Tumepokezana kumkanda. Kulipopambazuka nikamwambia mdogo wangu leo usiende, hakuna atakayekulaumu. Akasimama mlangoni, kiatu kimoja kimefungwa, kingine mkononi. Alikaa hivyo muda mrefu. Nimemjua mtu huyu tangu azaliwe na sikuwahi kujua kwamba kila asubuhi anapigana vita hivi, kwa sababu hupigana kimya na mimi huwa natafuta kiberiti.

Mtoto akaomba maji, akanywa yote, akadai na mkate. Mama yake akafunga kiatu cha pili akatoka.

Kijiti alikuwa anamsubiri kwenye mvua. Hakumgongea, hakumwita. Alikuwa amesimama tu chini ya ukingo wa bati, amechelewa mazoezi kwa ajili yake, na Kocha huwafokea wachelewaji. Nimekuwa nikimwona huyu binti kama nyoka. Naandika hapa ili nijisome mwenyewe: si nyoka.

Jumapili, 20 Aprili

Homa imeisha. Shemeji amepiga simu, ameniuliza kwa adabu kama bado ana mke.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo aliachwa akarudi!

Nilikuwa kwenye pikipiki. Kilimani wakaondoka kama kawaida, wanne, akabaki na mwendo wake. Mimi sasa nimejifunza kumwangalia yeye tu. Kumbe tukiwa tunashuka kuelekea darajani migongo yao ikaanza kuwa mikubwa. Hakuongeza kasi, nakula kiapo, Kocha naye aliangalia saa yake akatikisa kichwa. Wao ndio walikuwa wanarudi kwake. Mmoja akabaki nyuma, kisha wa pili. Amemaliza wa tatu, anatema matope, ananiuliza kama mtoto alilala.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua zinapungua. Kocha amewapunguzia kazi. Nyumba nzima imekuwa na hasira za bure. Mdogo wangu amenifokea kwa sababu ya kijiko.

Jumamosi, 10 Mei

Shemeji amefika na lori lake, ameliegesha mbele ya nyumba, limeziba jua la dirisha letu. Kijiti hakula. Mdogo wangu amekula wali mtupu mlima mzima, akalala kabla ya jua kuzama. Mimi ndiye nisiyepata usingizi, na sikimbii popote.

Jumapili, 11 Mei

Nitaandika pole pole.

Njia yenyewe ni mzunguko wa mjini unaorudiwa mara nne. Nilijichagulia kona ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na mwisho, ili nimwone kila anapopita. Shemeji alisimama nami, mtoto mabegani. Hakukuwa na mvua, ila upepo uliokuwa unang'oa vibao.

Mzunguko wa kwanza walipita kundi kubwa, nikasikia pumzi zile. Mama mmoja muuza maji aliweka ndoo chini na kusema tu, "Jamani." Mzunguko wa pili walikuwa wanane, yeye ndani. Wa tatu walikuja watano: askari mmoja wa kike anayesifika sana, wasichana wawili nisiowajua, mmoja wao mwenye soksi nyekundu, Kijiti, na msichana mwingine nyuma yao. Nikahesabu tena. Mdogo wangu hakuwepo.

Alikuja baadaye, peke yake, katikati ya barabara tupu. Wa sita. Shemeji akashusha kichwa. Akaniambia, "Shemeji, ameachwa." Nami nikampiga kiwiko cha mbavu, nikamwambia, "Mtazame miguu." Kwa sababu hatua ilikuwa ile ile. Mwendo ule ule wa kilimani, mabega yameshuka, uso umetulia. Alipita bila kutuona.

Kisha tukasubiri mzunguko wa mwisho. Sitaki tena kusubiri vile maishani mwangu.

Askari alipita wa kwanza, yuko mbali, hana mpinzani. Barabara ikakaa tupu. Halafu kwenye mteremko nikaona watu watatu wamebanana. Soksi nyekundu, anayumba. Kijiti, kichwa kimelala upande. Na kati yao, mdogo wangu. Watatu, na nafasi zilizobaki mbili! Kocha ameniambia baadaye ilivyokuwa: alimpata yule wa nyuma, akampata yule wa pili, kisha akamkuta Kijiti amevunjika kabisa, anakaribia kutembea, akiwa ameshikilia nafasi ya tatu. Angempita tu. Badala yake alimwambia neno moja, "Nishike," akakaa mbele yake kwenye upepo mpaka binti akapata pumzi. Ndivyo walivyokwenda kumfuata soksi nyekundu wakiwa wawili.

Walipofika kwenye kona yetu nilipatwa na wazimu. Nilirusha ndala, nikakusanya gauni langu mkononi, nikaanza kukimbia kando ya kamba. Nilitaka kumsindikiza tu, nimwite, aone ndugu yake yuko hapo. Mimi nilikuwa mzima, nimekunywa chai. Yeye alikuwa na kilomita arobaini na moja miguuni. Nilikimbia kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu, na kwa hatua chache tulikuwa sawa, nikauona uso wake upande mmoja, chumvi imekauka kwenye shavu. Halafu akaenda. Sijui niseme vipi. Hakuongeza kitu, aliendelea tu kuwa yeye, nami nikawa naona sikio lake, kisha kisogo, kisha namba mgongoni, kisha watu wakaniziba. Nilikuwa bado sijafika hata duka la tatu.

Kwa hiyo sikuona mwisho. Nilikuwa nimeinama, mikono magotini, natafuta hewa, wakati kelele za watu zilipolipuka kule mbele. Sikujua ni kwa ajili ya nani.

Nilitembea peku mpaka kule. Nikamkuta Kocha kwanza, amefunika uso kwa kofia, analia. Nikamuuliza, akanionyesha tu kwa kidole kule mbele. Nikamkuta soksi nyekundu amekaa ukutani, analia naye. Kijiti alikuwa amelala chali kwenye lami, akaniona, akainua vidole viwili akajigusa kifua. Wa pili.

Mdogo wangu alikuwa amekaa chini pembeni yake, amefunikwa shuka, midomo myeupe. Aliinua mkono. Vidole vitatu.

Nikapiga magoti nikamwambia, "Mdogo wangu, nakuogopa." Akacheka, na kucheka kukamkaza misuli, akapiga kelele za uchungu, akacheka tena.

"Dada," akasema, "siwezi kusimama."

Shemeji alikuwa bado anapenya kwenye watu na mtoto. Nikageuka, nikachuchumaa, Kocha akanisaidia kumpandisha mgongoni. Mara ya mwisho kumbeba alikuwa na miaka minne na tetekuwanga. Nilisimama naye, nikasubiri uzito uje. Haukuja. Nilimbeba nikapita katikati ya watu wale wote walionipisha njia, na nilipokuwa natembea nilikuwa nausikia moyo wake kwenye uti wangu wa mgongo, unapiga pole pole, tayari umeshatulia, wakati wangu mimi ulikuwa bado unakimbia.